Kasuku niliyeachiwa akipona, watamchinja

Leo ni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita, na huu ni mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke Newala kuja kufundisha huku Usukumani. Nina miaka sabini na mbili, mwalimu mstaafu. Mke wangu ametangulia. Nimepanga chumba chenye uwanja mdogo, si mbali na Buseresere. Msimamizi wa ukurasa, nifichie jina. Wengi humu ni wajukuu zangu kwa umri, lakini nimekosa wa kumuuliza.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa namfundisha Kiswahili mgeni mmoja wa mgodini. Mkataba wake ulipokatika ghafla, akaniletea kasuku wake. Si yule wa kijivu mliyemzoea. Huyu ni mweupe pe, mkubwa kama tetea, ana shungi la manjano linalosimama akikasirika. Anaitwa Pamba. "Mwalimu, nitunzie miezi mitatu, nishughulikie vibali," aliniambia. Simu yake haipatikani tena.

Nimesoma kila nilichopata kuhusu ndege hawa. Huweza kufika miaka sitini. Pamba ana kumi na minne. Mimi umri wangu nimeshawatajia.

Hawezi kukaa peke yake. Nikienda sokoni hupiga kelele zinazosikika mtaa wa pili. Ametafuna fremu ya dirisha la mama mwenye nyumba, Mama Shija. Kila apitaye, Pamba humsalimu "Mwangaluka!", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hata jua likizama. Watoto hucheka. Watu wazima wameacha kucheka. Mzee asiye na ukoo hapa, anayeshinda akiongea na ndege: mnajua minong'ono ya uchawi huishia wapi huku.

Nilimpeleka Nkome kwa rafiki yangu, mama mchuuzi wa dagaa. Yeye hushinda mwaloni, ufukweni wanakoshusha samaki, ndege akabaki stoo peke yake. Wiki ya pili akanipigia: "Kaka, njoo umchukue mtu wako. Anajila." Nilimkuta kifua kitupu, manyoya ameyang'oa mwenyewe kwa upweke, ngozi nyekundu. Nililia mbele ya wanunuzi. Ofisi ya wanyamapori nilipokwenda walinipokea vizuri, wakasema hawana banda la ndege wa ng'ambo.

Ndipo Mama Shija akasema, "Mwalimu, nakuheshimu, Shija wangu umemfundisha kusoma wewe. Lakini mwezi ujao ukiisha, ndege atoke, au mtoke wote." Akaniletea na mtu wa kumchukua, Masanja, mwenye duara la dhahabu, yaani shimo lake la kuchimba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umewahi kufuga ndege?"

"Kuku tu. Ila huyu nitamlea kama mwanangu."

"Wanao wenyewe unawaona lini, wewe?" Mama Shija akadakia. Tukacheka wote.

Masanja akainama kwenye tundu. "Chini ya mbawa nako ni mweupe? Hana doa?"

Kicheko kikanikauka. Nimeishi na wachimbaji miaka mingi. Anayetaka kufuga huuliza ndege anakula nini. Anayeuliza doa ametumwa na mganga: damu imwagwe kwenye mdomo wa duara, dhahabu itoke.

"Doa hana," Mama Shija akamjibu, "ila kifua ndio hicho."

Masanja akatikisa kichwa. "Basi aote manyoya kwanza. Akikamilika nitamfuata."

Na sasa anaota. Nikikaa naye tangu asubuhi, nikimsomea kwa sauti, hajing'oi. Vinyoya vinachomoza kama mpunga kwenye kitalu. Kila kimoja nakifurahia na kukiogopa. Nikimwacha peke yake abaki na kifua kile, atajila mpaka nyama. Nikimponya, namwandaa kwa kisu.

Dada yangu ananipigia kutoka Newala. "Kaka, nyumba ya baba ipo, rudi upumzike. Ila huyo ndege usije naye, mwachie yeyote." Yeyote aliyepo ni Masanja.

Nawasihi wenye uzoefu, nielekezeni. Ni nani mwenye uwanja, mwenye mtu anayeshinda nyumbani, na moyo wa kuvumilia kelele? Msiniambie nimfungulie aende porini. Hajui kujitafutia, atakufa kabla ya wiki. Asipopatikana mtu, nitahama naye, na sijui ni mwenye nyumba gani atatupokea wawili. La Newala tu ndilo nimeshalijibu. Sitarudi.