Jumapili za Nicanor

Kila Jumapili gazeti la mji liliandika kwamba Nicanor Severino amepumzishwa, na kila Jumapili Nicanor alilisoma akataka kutapika.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Misimu kumi na tisa ya besiboli alikuwa amechuchumaa nyuma ya mpigaji, akidaka mipira ya warushaji wa timu ya Sabana de la Mar, na alichokitaka ni msimu mmoja tu zaidi, itimie ishirini. Daktari alimwambia goti la kulia litamfikisha huko akilipumzisha siku moja kwa wiki. Klabu ikakubali. Rais wa klabu akamkumbatia mbele ya waandishi, mnafiki yule, akasema, "Hapa kwetu wazee tunawaenzi."

Sasa mapumziko yenyewe! Jumapili asubuhi Kocha Tavárez humpigia simu: "Nica, kaka yangu, njoo uwapashe warushaji wawili watatu. Mechi huchezi, usijali."

Wawili watatu, uongo mtupu. Kule nyuma ya uzio, warushaji wanakopasha misuli wakisubiri kuitwa, mdakaji ni huyohuyo mmoja mwanzo hadi mwisho. Mechi huandikwa, lakini kuchuchumaa nyuma ya uzio hakuna anayekuandika. Nicanor alidaka mipira mingi kuliko siku ya mechi, na karatasini alikuwa amelala. Wala hakuwahi kukataa. Mdakaji akiitwa huenda, ndivyo wanavyofunzwa, wapumbavu wote.

"Haya ndiyo mapumziko?" mkewe Milqueya alimuuliza, akilikanda goti lililovimba kama papai. "Mume wangu, si bora ucheze siku zote saba? Angalau watu watakuona."

Jumapili ya pili ya Desemba, jua la saa tisa likiwaka, Nicanor alikuwa akimdakia mrushaji wa nne vipaza sauti vilipolia: "Mkongwe wetu Nicanor Severino leo yuko nyumbani, anapumzika na familia! Tumpigie makofi!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Nicanor akabaki na mpira mkononi. Kinyaa kikampanda: kinyaa cha klabu, cha yale makofi, na zaidi cha nafsi yake mwenyewe, iliyochuchumaa pale bila kusema kitu.

Akasimama, akafungua mlango wa uzio, akakatiza uwanja mechi ikiendelea, na mavazi yake yote ya kudakia, jasho likimchuruzika. Mwamuzi akasimamisha mchezo. Makofi yakakatika. Nicanor akaenda kuketi kwenye benchi, kila mtu akimwona.

"Umerukwa na akili?" Tavárez akafoka. "Rudi kule, mzee, unatuaibisha!"

"Mtangazaji kasema napumzika. Basi napumzika."

"Nica, ukikaa hapo, kesho usije."

"Na kesho pia mnanipumzisha? Jamani, leo mnanipenda kweli!"

Wachezaji wakaangua kicheko, kisha wakamwona Kocha hacheki, wakanyamaza mmoja mmoja.

Nicanor hakunyanyuka. Akavua glavu, akanyoosha mguu, akaitazama mechi hadi mpira wa mwisho.

Jumatatu aliamka saa nne asubuhi. Simu haikuwa imelia. Akashuka kitandani, akachuchumaa polepole kulijaribu goti. Halikuuma hata kidogo, na timu hakuwa nayo.