Mume wa Bi Mwanaidi Aliyeishi Ndani ya Simu

Rukia alihitaji maswali, mimi nilihitaji kuikimbia riwaya yangu iliyogoma kusonga; ndiyo sababu ya safari. Ni rafiki yangu tangu shuleni, sasa anasomea shahada ya uzamivu Dar es Salaam. Kazi yake ni kuifundisha mashine kutafuta majibu ndani ya maandishi mengi, kisha iyaseme kwa sauti kama mtu. Hii aliyoitengeneza inakaa ndani ya simu yake, imesheheni habari za kilimo cha mwani. Jopo la maprofesa lilimwambia wazi: wakulima wenyewe wasipozungumza nayo, wakaiuliza wanayotaka kweli kuyajua, utafiti unaanza upya. Miaka yote ile, upya!

Asubuhi tukapanda ndege ndogo. Rubani alitupima kwa macho kama mtu anayechagua mapapai, akanituma mimi kiti cha nyuma. Chini yetu bahari ilivaa rangi ambazo sikuweza kuzipa majina, nami naishi kwa kuvipa vitu majina. Rukia hakutazama. Alikuwa anainong'oneza simu yake: "Tafadhali, usiniaibishe."

Kilindoni tukakodi bajaji hadi Utende, kisha boti ikatuvusha Ghuba ya Chole. Tukashuka majini, suruali zimekunjwa magotini, simu ya Rukia juu ya kichwa chake kama mzigo wa bibi harusi.

Kisiwani Chole, kabla ya adhuhuri. Bi Mwanaidi, mwenyeji wetu, alikuwa uani na wanawake wenzake, wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Tukatoa shikamoo, tukapewa marahaba, tukaulizwa ya nyumbani na ya njiani. Rukia akaiweka simu mkekani.

"Umeitengeneza wewe?" akauliza Bi Mwanaidi.

"Mimi mwenyewe, mama."

"Basi huyu ni mwanao. Na wewe ni mwanangu." Akawageukia wenzake. "Jamani, nimeletewa mume!"

Ua mzima ukacheka. Mpwani yeyote anajua: mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na mume wa namna hiyo hapati raha. Mashine haikujua.

"Mume wangu, umekuja mikono mitupu? Doti yangu ya kanga iko wapi?"

"Samahani," ikajibu kwa sauti ya kijana mpole, "sina taarifa za kanga yako."

"Mnamsikia? Anakana! Na mwani umeniachia nianike peke yangu?"

"Mwani uanikwe juu ya chanja, usitandazwe mchangani."

"Ala! Nataka msaada, yeye ananifundisha kazi!"

Wakaja majirani, kila mmoja na lake. Mmoja alitaka kujua mke mwenza analala wapi. Mashine ikamtafutia nyumba za wageni Kilindoni.

Baada ya magharibi, Rukia alikaa barazani karibu kulia. "Siku nzima, hakuna swali la kweli hata moja! Ni utani mtupu. Jopo nitalipelekea nini?"

"Kwani wewe mgeni akija kwako, unamweleza shida zako kabla hujamtania kidogo ukamjua?" nikasema. "Mfundishe mwanao kutaniwa."

Alinitazama kama niliyetukana dini. Kisha akafungua kompyuta.

Asubuhi iliyofuata Bi Mwanaidi hakungoja hata chai ipoe. "Mume wangu, jana ulilala wapi?"

"Mfukoni mwa mama yangu, mke wangu. Wewe hukunitandikia."

Wanawake wakatazamana. Halafu vigelegele vikapasuka hadi popo wa miembeni wakaruka mchana kweupe. Bi Mwanaidi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Ndipo akasogea karibu na simu, akashusha sauti.

"Sasa niambie kweli. Mwani wangu unageuka mweupe, unakatika. Nifanye nini?"

Rukia akanishika mkono, kucha zikaingia.

"Maji ya pwani huenda yamepata joto mno," ikasema mashine. "Ondoa uliougua, hamishia kamba kwenye kina kirefu zaidi."

"Huko kwenye kina mimi siogelei. Utakwenda wewe?"

Mashine ikakiri: "Hapo sina jibu, mke wangu."

"Leo ndiyo umesema kama mtu," akasema Bi Mwanaidi, akawaita wenzake. "Njooni muulize, huyu hadanganyi!"

Waliuliza mpaka chaji ikaisha.

Tuliporudi Dar es Salaam, Rukia alisimama mbele ya jopo. Mwenyekiti, mama asiyecheka ovyo, aliiuliza mashine maswali mazito, nayo ikajibu. Mwisho, kwa kuwa alikuwa ameisoma ripoti yote, akaiinamia simu. "Na mkeo wa Chole hajambo?"

"Hajambo, ila hajasahau kanga yake."

Jopo likapitisha kazi. Mimi nilijifunza kwamba swali la kweli hutanguliza kicheko kipime njia, na riwaya yangu tangu hapo imeanza kutaniana nami. Kanga nimeinunua mimi, kwa kuwa mume hana mfuko. Ni nyekundu. Maneno yaliyoandikwa juu yake sitayataja hapa. Hayo ni ya mke na mume.