Pilipili Juu ya Ukuta

Nilipohamia Kikuyu nilimwomba mama wa jirani mbegu za pilipili, nikanyoosha mkono kupokea. Hakunipa. Aliziweka juu ya ukuta unaotenganisha nyua zetu, akasema, "Chukua hapo, mwanangu. Pilipili mkipeana mkononi mnagombana."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nikaona ananidharau. Nilizichukua, nikazisia kwenye dumu lililokatwa, nikawa nazimwagilia maji ya kuoshea mchele, maana kwetu maji ya bomba ni ya mgao. Miche ikachipua vizuri mno. Halafu kuku wake wakaruka ukuta, wakaichakura yote.

Nilifoka mpaka sauti ikanikauka. Yule mama alinisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akarudi na kopo lenye miche yake mwenyewe, iliyostawi kuliko yangu. Nilikuwa nimesimama mbele yake mikono mitupu, lakini kopo akaliweka ukutani.

Sasa mipilipili yangu inanifika kifuani. Mavuno ya kwanza niliyaweka palepale ukutani, nikamwita.

Kuku wake wametugombanisha mara nyingi tangu hapo. Pilipili, hata siku moja.