Pengo Aliloachiwa Protasi

Mume wangu Protasi ni seremala wa Nyarubungo. Nyumba nyingi za huku kwetu, mlango unaousukuma ukiingia ni wa mkono wake. Wa parokiani wanamjua pia kwa saksafoni, maana kwenye maandamano ya Ekaristi hutembea mbele na bendi, shati jeupe, mashavu yamejaa upepo. Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu yeye si mtu wa kujisemea, na kwa sababu ndani ya habari zake kuna jambo ambalo ni langu, nalo nimelinyamazia mwaka mzima.

Saksafoni aliipata kwa Niragira, Mrundi aliyekuwa mkimbizi kambini Ngara miaka ile ya tisini. Protasi alikwenda huko akiwa kijana, kutafuta kibarua cha kutengeneza milango ya zahanati ya kambi. Akamkuta mtu amekalia ndoo iliyopinduliwa, anapuliza kitu cha shaba kilichopinda kama kiko cha bibi. Niragira alikivusha mpakani amekifunga mgongoni kwa kitenge, na watu njiani walimpa pole wakidhani amebeba mtoto mgonjwa. Kwao alikuwa akipiga muziki hotelini. Basi kila asubuhi kabla ya kazi Protasi alikaa naye, akajifunza kushika, kupumua, na kukaza midomo.

Vyote alivipata, isipokuwa wimbo mmoja. Ulikuwa wimbo wa jazi, wa polepole, hauna maneno, ule ambao Niragira alisema waliupiga watu wakishamaliza kula na hakuna anayetaka kuinuka. Protasi aliupiga kama gwaride.

"Porotasi," Niragira alikuwa akimwambia huku anacheka, "wimbo huu hauendi sokoni. Buhoro."

Buhoro ni polepole. Sisi wa huku tunaelewana na Warundi kwa hilo. Lakini Protasi hakuiweza buhoro. Wakati wa kurudi kwao ulipofika, Niragira alikuwa ameanza kukohoa, akamwachia saksafoni. "Mimi pumzi inaniishia," alisema. "Siku ukiuweza ule wimbo, nataka niusikie."

Miaka ikapita. Tukazaa, tukajenga, binti yetu Scolastica akaolewa Mwanza. Halafu mwaka juzi, baada ya Krismasi, simu ikaingia kutoka Burundi. Alikuwa Nimpaye, binti wa Niragira. Baba yake kifua kimemshinda, halali tena chali, ila akiegemezwa mito bado anaweza kugusa kinanda cha umeme. Alikuwa ametuma kitu kwenye simu. Tulifungua, tukasikia kinanda, besi na ngoma laini vinatembea pamoja, wimbo ule ule, lakini mahali pa saksafoni ni patupu. Mwishoni ikaja sauti ya mzee, imekauka: "Nimekuachia pengo, Porotasi. Lijaze, unirudishie, nisikie nikiwa bado nina masikio."



Kuanzia siku hiyo, kila alasiri karakana ilifungwa mapema. Simu aliiweka ndani ya sufuria ili sauti ikue, akasimama mbele yake kama anayeungama. Mwanzoni alimaliza wimbo yeye peke yake, kinanda bado kiko katikati.

"Baba Scola," nilimwambia nikichambua maharage, "mwenzio bado yuko njiani."

"Huyu mzee anatembea kama kinyonga!"

"Na wewe unamkimbilia nani? Polisi?"

"Chambua maharage yako, mama."

Kuna mahali, karibu na mwisho, ambapo kinanda kinatulia, na Niragira anasema ndani ya muziki, taratibu kabisa: "Buhoro, Porotasi." Alijua mwanafunzi wake ataharakishia pale pale. Na kweli, kila siku aliharakisha pale, na kila siku sauti ile ilimkuta ameshapita. Mimi nilicheka hadi nikafuta machozi. Lakini kidogo kidogo akaanza kusubiri. Siku moja mwezi wa pili nilikuwa jikoni, nikasikia sauti ya mzee inamaliza kusema, kisha saksafoni ikaingia baada yake, laini kama mtu anayefungua mlango asimwamshe mgonjwa. Nikazima jiko, nikasikiliza.

Akaenda mjini Biharamulo kwa Swaumu. Swaumu ana duka la kutoa fotokopi na kuingiza nyimbo kwenye kadi za simu, na chumba cha nyuma amekitundikia magodoro ukutani, anarekodi kwaya na kaswida. Wakapatana siku: Alhamisi, kesho yake baada ya Jumatano ya Majivu. Mwaka ule mfungo wa Waislamu na wetu ulipishana siku chache tu.

Jumatano hiyo tulirudi kutoka Misa, nikamwona Protasi ametoa saksafoni anaifuta.

"Baba Scola. Majivu bado yako kwenye paji la uso."

"Najiandaa na kesho."

"Kesho ya Kwaresima? Hata kinanda cha kanisani kimefungwa, ngoma zimewekwa stoo. Wewe upige jazi ya hotelini?"

"Mzee anaumwa, mama."

"Pumzi yake ameishika Mungu. Ni siku arobaini tu. Tutampelekea kama zawadi ya Pasaka, itakuwa na baraka zaidi."

Nilisema kwa upole. Mimi si mtu wa kugomba, na nafikiri upole huo ndio uliomshinda, ningegomba, angebisha. Alinitazama, akaifunga saksafoni kwenye kitenge, akaisukuma chini ya kitanda. "Sawa. Wewe umesali kunizidi."

Kesho yake Swaumu akapiga simu. "Shikamoo mama. Mzee mbona simwoni? Mashine nimeshawasha."

"Marahaba. Tumeingia Kwaresima, mwanangu. Atakuja Pasaka."

"Mama, na mimi nimefunga, koo hili limekauka. Lakini wimbo wa mgonjwa tangu lini ukamvunjia mtu mfungo?"

"Kila mtu na mfungo wake," nikamjibu.

Jibu hilo lilinipendeza siku ile, nikamsimulia hata jirani.

Zikaenda siku. Nimpaye alipiga mara mbili, na mara zote mbili Protasi alisema, "Inakuja, mwanangu." Nilisali rozari kwa ajili ya Niragira kila jioni, na Protasi alipiga magoti pembeni yangu, mikono yake haina la kufanya.

Niragira alifariki Jumatatu ya Juma Kuu. Ujumbe ulifika Protasi akipiga randa ubao wa mlango. Aliusoma, akaweka simu chini, akaichukua randa, akamaliza ule upande. Hakunitazama kwa ubaya. Angenitazama kwa ubaya ningeshukuru.

Jumanne baada ya Pasaka nilikwenda naye kwa Swaumu, mimi mwenyewe nikiwa nimebeba saksafoni. Midomo isiyopuliza siku arobaini inalainika kama ya mtoto. Alirudia mara tano. Ile ya tatu niliona damu mdomoni, akaifuta kwa kiganja. Noti ya juu ilimkatikia kila mara.

"Mzee," Swaumu akasema kwa adabu, "hii sauti inayoongea katikati naweza kuiondoa."

"Iache."

"Na turudie pale juu palipokwaruza?"

"Mdomo umekwisha, mwanangu. Chukua hiyo hiyo."

Wiki hiyo nilimwendea padre nikamweleza. Akaniuliza, "Mama, nani alikuambia? Kimya kile ni cha ibada kanisani. Kumfariji mgonjwa ni tendo la huruma, na Kwaresima ndiyo wakati wake." Hakunikemea. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje, nikijaribu kumkumbuka aliyeniambia. Hakuwepo. Nilijitungia mwenyewe.

Mwezi wa tano Nimpaye alivuka mpaka kuja Kabanga kununua unga, tukaenda kumpelekea kadi. Ni mwanamke mrefu, ana macho ya kucheka hata akiwa na huzuni. Tulisimama kando ya basi, wabadilisha fedha wakitupigia kelele. Akaiweka kadi kwenye simu yake, kidude kimoja cha sikio akavaa yeye, cha pili akanipa mimi. Protasi akatugeuzia mgongo.

Tukasikiliza. Ilipofika "Buhoro, Porotasi," Nimpaye akanikamata mkono. Saksafoni ikasubiri. Kisha ikaingia, imekwaruza, lakini imesubiri.

"Amemngoja," Nimpaye akasema. "Kila asubuhi baba alikuwa ananiuliza, imefika? Namwambia bado. Anasema, basi nigeuzieni mto." Akamgeukia Protasi. "Baba, ilikuwaje mpaka ikachelewa vile?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimejiandaa tangu nyumbani, maneno nilikuwa nayo.

Protasi akaniwahi. "Midomo, mwanangu," akasema, akijigusa. "Midomo ya mzee."

"Pole, baba. Kama ilikuwa afya yako, naye angeelewa."

Na mimi nikasimama pale, rozari mkononi, nikamwachia abebe lawama yangu. Kwenye basi la kurudi nilimwambia, "Baba Scola, ulisema uongo." Akajibu, "Nilisema nilichoweza," akaegemea kioo.

Mwaka huu, Jumatano ya Majivu, tuliporudi kutoka Misa nilivuta saksafoni chini ya kitanda, nikaiweka mezani, na simu nikaiweka kwenye sufuria. Protasi alinawa mikono. Akaupiga wimbo wote, majivu yako usoni, na sauti ya Niragira iliposema buhoro akatulia, akangoja zaidi ya inavyotakiwa, nikadhani haendelei. Akaendelea. Noti ya juu haikukatika.

Nimpaye mpaka leo anajua ilikuwa midomo. Barua ya kumweleza nimeianza mara tatu, na kila mara naishia kwenye salamu.