Daftari la Papa Lokwa

Jumapili iliyopita, uani kwa jirani, nilimkuta Papa Lokwa, mzee sasa, akitazama filamu kwenye simu ya mjukuu wake. "Filme hii iko mubaya, bure kabisa!" alisema kwa sauti, na vijana wakacheka. Damu ilinichemka.

Zamani, enzi za chama kimoja, hapa hapa mtaani Tshopo, papa wangu ndiye aliyekwenda sinema, kisha alasiri akatusimulia filamu nzima, huku mama akikaanga samaki kwa mafuta ya mawese. Majirani walikuja, kila mmoja akitoa maoni yake. Siku moja filamu ilikuwa ya mfalme aliyekataa kuondoka.

"Mufalme ule alikawia sana," papa alisema. "Watu walichoka naye."

Papa Lokwa, kiongozi wa chama cha rais kwenye avenue yetu, barabara hii hii, alitoa daftari akaanza kuandika. Nilifurahi. Nilidhani ameipenda filamu, hataki kuisahau. Kwa kuwa mkono wake ulikuwa mzito kuandika, nilimsogelea nikamrudilia maneno ya papa polepole, moja baada ya jingine. Alinipapasa kichwa. "Mutoto wa akili."

Jioni haijaingia, askari walimchukua papa. Aliporudi, miezi mingi baadaye, hakutusimulia filamu tena hadi anakufa.

Na sasa huyu Papa Lokwa alikuwa amekaa kivulini, akikosoa apendavyo! Nilisimama mbele yake.

"Papa Lokwa," nikamwambia, "leo hauandiki?"