Barka Hakuinuka

Ukitaka kumjua wifi yangu Barka, nenda naye arusini. Mwimbaji hajamaliza ubeti wa kwanza, yeye yuko katikati ya ukumbi, mkono juu, kikuba cha asumini kinaning'inia vidoleni, anakwenda kumtunza nacho kwa mwendo wake ule wa taratibu, anatikisa kichwa kana kwamba maneno yale ametungiwa yeye. Hajali anaimba nani. Kuna mwaka alikuja msichana mmoja kutoka Kizingitini, sauti imemkauka kwa mafua, watu wakaanza kutazamana. Barka aliinuka mara mbili. Nikamwambia, "Wewe Barka, yule hata sauti hana." Akanijibu, "Ndiyo maana nimeinuka." Kwetu mtu kupiga muziki asitunzwe ni aibu, na Barka aibu ya mwenziwe hawezi kuivumilia.

Vikuba ndiyo kazi yake. Kaka yangu alipofariki alimwachia mtoto mmoja, Safaa, na miasumini iliyo nyuma ya nyumba. Basi. Maua anayachuma yangali yamefumba, anayashona pamoja na mrehani na mkadi, ili yafumbuke jioni kifuani mwa mwenyewe. Kwa sindano hiyo amemsomesha Safaa mpaka Nairobi, na huko mtoto akaenda kushika fidla. Tena si fidla ya taarabu tuijuayo. Ni ile ya Kizungu, ya kupigwa huku umekodolea macho karatasi. Mimi nilisema mengi siku nilipopata habari, mengine siwezi kuyarudia mbele za watu. Barka alisema, "Fidla ni fidla," akaenda kumwagilia maua yake.

Mwaka huu Safaa akaja na wenzake watatu kupiga kwenye tamasha, uani mwa ngome, baada ya sala ya alasiri. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga mjini kwao. Asubuhi akamkuta mamake ashaanza kushona kikuba, kikubwa kuliko cha bibi arusi, nami niko pembeni nachambua mrehani. Mtoto akaketi mkekani mbele yake.

"Mama, nakuomba jambo. Yeo usiinuke."

Barka akaacha kushona. "Nisiinuke vipi?"

"Muziki huu watu huketi kimya mpaka mwisho. Mtu akija mbele, tunapotea. Na wageni watatucheka. Niahidi, Mama."

Damu ilinipanda. Nilitaka kumuuliza ni wageni gani hao, na wamekuja katika nti ya nani. Barka akanitazama mara moja tu, nikarudia mrehani wangu.

"Nimekuahidi, mwanangu," akasema, akashika tena sindano. Haukupita muda ikamchoma kidole. Miaka yote hii sijapata kuona sindano ikimchoma Barka.

Alasiri tukawekwa viti vya mbele kabisa, kwa kuwa yeye ni mama wa mpigaji. Kikuba alikiweka mapajani. Wakatoka wale wanne: Safaa na mtandio wake wa zambarau, wavulana wawili, na msichana mrefu aitwaye Cherotich, ambaye fidla lake lilikuwa kubwa hata akalibana kwa magoti. Nikangoja waimbe. Hakuna aliyeimba. Walipiga, wakanyamaza, nami nikapiga makofi kwa adabu. Bwana mmoja wa pembeni akanigeukia kama nimeingia msikitini na viatu. Kumbe hawajamaliza, wanapumua tu.

Kisha wakaanza ya polepole. Jina lake silijui. Wale wengine wakashuka chini kabisa, Safaa akabaki juu peke yake, na mimi niliyekuja na nongwa zangu zote nikajikuta nimejishika kifua. Ilikuwa tamu, na huzuni kidogo ndani yake. Nilimkumbuka kaka yangu. Hapo nikamhisi Barka anajivuta ukingoni mwa kiti. Mwili ulikuwa unataka kwenda. Mkono mmoja ameshika kiti, mwingine ameshika kikuba, anajikaza.

Nikamnong'oneza, "Nenda, potelea mbali."

Akatikisa kichwa.

Walipomaliza kwelikweli, ua mzima uliinuka. Wageni, wenyeji, vijana, hata yule bwana, wote wima, makofi hayaishi. Mimi pia nilisimama. Safaa akainamisha kichwa kushukuru, akanyanyua uso, akamtafuta mamake. Barka peke yake alikuwa ameketi.

Nikauona uso wa mtoto unabadilika. Mama aliyemwinukia hata yule msichana wa mafua, yeye hakumwinukia. Akampa Cherotich fidla, akashuka, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, haikukupendeza?"

Barka alikuwa akilia, matozi yamefika kidevuni. "Imenipendeza mpaka sijiwezi."

"Mbona basi umeketi peke yako?"

"Nilikuahidi."

Safaa akalaza kichwa mapajani mwake, pale penye kikuba. Watu wakaacha makofi, wakaanza kuketi mmoja mmoja, hawajui kuna nini. Kisha akainuka, akajifuta uso, akarudi kwa wenzake, akawaambia jambo. Wakazirudisha karatasi zao nyuma. Akaiweka fidla begani, akamtazama mamake, akamwita.

"Nimekufungulia ahadi. Ndoo, Mama."

Wakaianza tena ile ya polepole. Magharibi ilikuwa inakaribia na asumini zilikuwa zimefumbuka, harufu imejaa mpaka viti vya nyuma. Barka akainuka. Mkono juu, mwendo wake ule ule, kichwa kinatikisika, na mtoto anapiga bila kupotea hata mahali pamoja, huku anamtolea bega ambalo halina fidla, abandikwe kikuba.

Yule bwana akaniinamia akaniuliza kuna nini. Nikamwambia anyamaze, mtoto anatunzwa.