Tovuti Niliyoizuia

Ilianza na kubeti. Mganga mkuu aliniita ofisini kwake akaniambia wafanyakazi wa zamu wanashinda kutwa kwenye tovuti ya kubeti huku wagonjwa wako kwenye foleni. Mimi ndiye mtu wa kompyuta pale hospitalini, nifanye kitu. Sikuwa nimemaliza hata mwaka kazini, na nilipenda sana kuitwa na mganga mkuu.

Kompyuta zetu zote zina antivairasi ninayoisimamia nikiwa mezani kwangu. Ndani yake kuna sehemu ya kuandika kanuni: kompyuta iruhusiwe kuwasiliana na nani huko mtandaoni, na nani akataliwe. Unaweza kuandika namba ya seva, au ukaandika jina la tovuti, programu ikakutafutia namba yenyewe. Niliandika jina la ile tovuti ya kubeti, nikabonyeza zuia, nikaisambaza kanuni kwenye kompyuta zote. Chini ya kisanduku cha kuandikia kulikuwa na onyo, mistari mitatu minne hivi. Sikulisoma. Ilikuwa Ijumaa mchana, nikafunga ofisi nikarudi kwangu Unyambwa najiona mtu.

Onyo lile lilisema jambo ambalo nilikuja kulielewa baadaye. Programu haizuii jina, inazuia namba, na namba moja inaweza kuwa ya tovuti nyingi, kama nyumba ya wapangaji yenye geti moja. Ukilifunga geti kwa ajili ya mlevi wa chumba cha mbele, na yule mstaarabu wa chumba cha nyuma analala nje. Wa chumba cha nyuma alikuwa maabara kubwa ya nje ya mkoa, ile tunayoipelekea vipimo ambavyo sisi hatuna mashine yake. Majibu yake hurudi kwa mtandao, na aliyekuwa akiyachapa ni mama mmoja wa masjala aliyekaribia kustaafu.

Jumatatu mama huyo alikuja mlangoni kwangu.

"Mwanangu, mashine yangu haileti majibu."

Nilimfuata. Ukurasa ulikuwa mweupe, unazunguka tu. Hata kukaa sikukaa.

"Mama, unabonyezabonyeza sana. Subiri ufunguke."

"Nimesubiri tangu saa mbili."

"Basi mtandao uko chini. Utarudi."

Alirudi kwangu Jumatano, na Jumatatu iliyofuata. Kila mara nilimjibu kama mtu anayemjibu mzee aliyeshindwa kuwasha simu. Siku moja nilimkuta dirishani na mzee kutoka Kinyangiri, ambaye mkewe alikatwa kipande cha nyama kwenye uvimbe wa shingoni kikapelekwa kupimwa. Mzee alikuwa amekuja kwa mara ya pili kufuata majibu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Yule mama alikuwa akimweleza kwa Kinyiramba, lugha nisiyoijua, lakini kwa mikono yake nilielewa kwamba anaomba radhi.

Wiki hiyo daktari alilalamika kwenye kikao cha asubuhi kwamba majibu hayafiki. Mganga mkuu akanigeukia. Mtandao ukoje?

"Mtandao uko sawa," nilisema. "Nadhani ni matumizi. Masjala wanahitaji mafunzo."

Niliyasema hayo yule mama akiwa amekaa viti viwili kutoka kwangu. Alipewa barua ya onyo mchana uleule.

Kesho yake, nikitafuta kitu kingine kabisa, nilifungua orodha ya vilivyozuiwa. Namba ya maabara ilijaa ukurasa mzima, na pembeni ya kila mstari kulikuwa na kanuni yangu. Niliifuta. Haikuchukua hata dakika mbili. Majibu ya wiki mbili yakaingia kwa pamoja, printa ya masjala ikalia hadi karatasi zikaisha. Daktari alinipigapiga begani. "Kijana umetuokoa." Nikasema asante.

Nilikaa na ile asante siku tisa. Nikipita masjala nilijifanya naongea na simu. Siku ya kumi niliingia, nikafunga mlango, nikamwambia yule mama yote. Alisikiliza akiendelea kupanga mafaili.

"Mimi nilijua sikukosea," alisema. "Sasa unaniambia mimi ili iwe nini? Nilisemwa kikaoni. Nenda huko."

Nikaenda. Kikao kilichofuata nilisimama nikaanza: kulikuwa na mwingiliano wa anwani, kanuni ya usalama iligusa huduma nyingine, mfumo ukatafsiri jina vibaya. Nilisikia mwenyewe maneno yangu yanavyokimbia. Watu waliitikia kwa vichwa bila kuelewa kitu. Nilitaka kukaa.

"Sema Kiswahili," alisema yule mama kutoka nyuma. "Nani alikosea?"

"Mimi."

"Na nani alipewa barua?"

"Wewe, mama."

Mganga mkuu akasema barua itaondolewa kwenye faili, tuendelee na ajenda. Baada ya kikao alinishika mkono kwenye korido akaniambia ningemwona kwanza kwa faragha, tungeyamaliza kimyakimya. Ukweli ni kwamba kama angenipa nafasi hiyo mapema, ningeichukua.

Mke wa yule mzee alianza matibabu kwa kuchelewa. Nilimuuliza daktari kama wiki mbili zile zimemdhuru. Akasema kwa ugonjwa ule huenda hapana. Nimelishikilia lile neno 'huenda' kuliko ninavyostahili.

Nilichukua namba ya mzee kwenye faili nikampigia. Nilijitambulisha kwamba natoka hospitali, nikamuuliza hali ya mkewe. Akasema anakula sasa, uvimbe umeanza kupungua. Kisha, kabla sijafika kwenye kosa langu, akanishukuru kwa kuwajali watu wa mbali. Hakuna aliyewahi kumpigia simu kutoka hospitali, alisema.

"Haya mzee, tuko pamoja," nikajibu, nikakata simu.